Kisu cha Msafiri na Mkono wa Mhunzi

Mtu akaaye mjini huweza kuishi siku nyingi pasipo kujiuliza ni kitu gani anachokiamini. Kisu kikimvunjikia jikoni, jirani anacho kingine. Kamba ikimkatikia, duka li karibu. Lakini mtu aendaye kwa miguu mahali pa mbali hana jirani wala duka. Mali yake yote imo mgongoni mwake, na kila kitu alichokichagua nyumbani kwa uvivu humlipiza njiani. Kwa hiyo uchaguzi wa kisu cha safari, ingawa waonekana kuwa jambo dogo, ni mlango wa swali kubwa: kitu cha kuaminiwa ni kitu gani, na mwenye kukiamini ana deni kwa nani?

Jorodom ni mahali pafaapo kwa swali hili. Kijiji hicho kipo chini ya mlima Hanang, karibu na mji wa Katesh katika mkoa wa Manyara, na jina lake limepewa njia mojawapo ya kupandia mlima huo, ambao kilele chake kimepita mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Mpandaji huondoka alfajiri, hupita penye mashamba, huingia msituni, kisha hutokeza kwenye miamba na majani yapigwayo na upepo. Jioni hurudi miguu ikimtetemeka. Wako na wengine wasioishia hapo. Hao huenda kwa siku kadhaa katika nchi ya juu ya Mbulu, na hata kuteremkia bonde la Yaeda, ambako nyumba ni chache na maji ni ya kutafutwa. Katika mwendo kama huo kisu hukata kamba na kitambaa cha kufungia jeraha, huchonga banzi la kunyoshea mfupa uliovunjika, hutoa mwiba, humenya kiazi, hupasua kijiti kupata kiini kikavu ili moto ushike wakati wa mvua. Kazi hizo zote ni ndogo mpaka siku moja miongoni mwake inapokuwa ndiyo kazi ya pekee duniani.

Jambo la kwanza katika uchaguzi ni uzito. Methali husema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa mtu mwenyewe, ifikapo siku ya tatu, hugeuka jiwe. Msafiri mchanga hupenda chombo kikubwa. Huona panga akadhani ameona usalama, au huona simi akatamani heshima ya mwenye kuivaa. Panga ni chombo chema shambani, na simi ina kazi yake kiunoni mwa mchungaji alindaye mifugo. Lakini mtu aliyechukua blanketi, chakula na maji yake mwenyewe ana haja ya bapa lenye urefu wa sentimita 8 hadi 10 na unene wa milimita 2 au 3. Kisu cha kadiri hiyo, pamoja na ala yake, chaweza kuwa na uzito wa gramu 100 hadi 150, nao ni mwepesi kuliko kikombe kimoja cha maji. Zaidi ya hayo msitu wa mlima Hanang ni hifadhi, na mpitaji hana ruhusa ya kufyeka humo wala kuangusha mti. Mtu achukuaye chombo kikubwa kuliko kazi yake mara nyingi amepima hofu yake, njia hakuipima.

Walakini wepesi nao una udanganyifu wake. Kisu cha kukunja ni chepesi, huingia mfukoni, na kwa mwanafunzi achongaye kalamu ni rafiki mwema. Ila kina kiungo, na kiungo ni mahali ambapo vitu viwili vimeahidiana kushikana. Mchanga, utomvu, mafuta ya nyama na kutu huingia kati ya ahadi hiyo na kuilegeza, na siku bapa litakapojikunja juu ya vidole, yamkini ndiyo siku ambayo vidole vinahitajiwa kuliko siku nyingine. Kisu kisichokunjwa hakina kiungo cha kulegea. Bapa lake na msuka wake ni chuma kimoja; mpini ni vazi tu.

Hata hivyo hila haijakwisha. Viko visu ambavyo msuka wake ni mfupi kama ncha ya kidole, umechomekwa mpinini na kushikizwa kwa gundi. Na viko ambavyo msuka umepita ndani ya mpini hata mwisho wake. Vyote viwili, vikilazwa juu ya meza ya mwuzaji, hufanana. Mnunuzi huliona bapa linavyong'aa, na msuka haumdhihirikii. Kisu kinapovunjika kwa kazi ngumu, mara nyingi huvunjikia penye noleo, pale ambapo sehemu iliyofichika hukutana na sehemu ionekanayo. Wanadamu nao hawako mbali na hali hiyo: uzuri wao huonekana usoni, na nguvu zao hukaa mahali ambapo macho ya wageni hayafiki.

Baada ya msuka kuna matiko. Chuma chenye kaboni kikipashwa moto hata kikawa chekundu, kisha kikatumbukizwa katika maji au mafuta, hupata ugumu mwingi. Kikiachwa hivyo huvunjika kama kigae, kwa hiyo hurudishwa katika moto wa kadiri ili kipunguze ukali wa ugumu wake na kupata ustahimilivu. Kikipungukiwa na matiko, hupinda na makali hukimbia, kikizidishiwa, hukatika. Kati ya kasoro hizo mbili pana nafasi nyembamba, na mhunzi huijua kwa rangi ya chuma katika moto, kwa mlio wake chini ya nyundo, na kwa hesabu ya pumzi zake mwenyewe. Chuma cha springi za magari makuukuu hupendwa na wahunzi wengi wa Afrika Mashariki kwa sababu hupokea matiko vizuri. Kasoro yake ni kutu. Fadhili yake ni kwamba hunoleka upesi, hata juu ya jiwe la mtoni. Chuma kisichoshika kutu huvumilia jasho na mvua, lakini mara nyingi hutaka kinoo kizuri na subira zaidi. Kwa mtu aliye mbali na watu, kisu ambacho mkono wake mwenyewe waweza kukirudishia makali ni bora kuliko kile kikaacho na makali siku nyingi, kisha yakiisha kikamkana.

Sasa mnunuzi mwangalifu afanye nini? Aweza kuligonga bapa kwa ukucha akausikiliza mlio wake. Aweza kulipinda kidogo aone kama litarudi katika unyofu wake. Aweza kuunyosha mkono wake juu na kutazama kama makali yamekwenda sawa toka shina hata ncha. Aweza kuutikisa mpini. Mambo hayo yote ni ya busara, lakini hayafiki ndani. Matiko hayaonekani kwa jicho, na msuka uliokwisha kufunikwa hauonekani bila ya kuharibu mpini. Ujuzi wa mnunuzi ukifika ukingoni, anayebaki mbele yake ni mtu. Swali lililoanza kwa kuuliza kama kisu hiki kinaaminika hugeuka likauliza kama aliyekifua anaaminika. Kwani uaminifu wa kisu ni uaminifu wa mtu uliogandishwa katika chuma: mhunzi alipokuwa peke yake mbele ya moto, pasipo mtu wa kumwona, ama alingoja mpaka rangi ifike, ama hakungoja.

Hapa ndipo Jorodom na nchi iizungukayo hufundisha jambo ambalo maduka ya miji mikubwa hayawezi kufundisha. Katika Hanang na Mbulu wanaishi Wairaqw, Wadatoga na jamaa nyingine, na katika Yaeda wanaishi Wahadzabe. Miongoni mwa Wadatoga, ambao Wabarabaig ni sehemu yao, kazi ya uhunzi ni ya ukoo uitwao Gidang'odiga. Watu hao hufua mikuki, visu na vichwa vya mishale. Huyeyusha shaba nyeupe na nyekundu, hata kufuli na mabomba yaliyotupwa, wakafanya bangili. Na mivukuto yao ni ya ngozi ya mbuzi. Mchungaji hupata kwao mkuki wa kulindia ng'ombe. Wahadzabe, wafuao wenyewe misumari kwa nyundo bila ya moto kuwa vichwa vya mishale, wamepata vyuma vingine kwao kwa kubadilishana asali na nyama. Nchi nzima yenye kukata, kuchoma na kuchinja imesimama juu ya fuawe la watu wachache.

Na watu hao wachache, kwa muda mrefu, wametengwa. Wataalamu walioandika habari za Wadatoga katika karne ya 20 waliona kuwa Mdatoga wa ukoo mwingine hakuoa binti wa Gidang'odiga, wala hakuwapa wake. Wadatoga si peke yao katika desturi hiyo. Wamaasai nao walikuwa na wahunzi wao waitwao Il-kunono, na mwanzoni mwa karne hiyohiyo iliandikwa kwamba Mmaasai alipopokea mkuki au simi iliyoshikwa na mhunzi alitia mafuta mkononi mwake kwanza, asije akashika unajisi. Tendo hilo lastahili kufikiriwa polepole. Mtu huyo alikuwa tayari kuuweka uhai wake juu ya chuma hicho mbele ya simba. Aliyaamini matiko yake, aliuamini msuka wake, aliiamini saa ile ya upweke ambayo mhunzi alingoja rangi ya moto. Alichokataa kukigusa ni mkono uliofanya yote hayo.

Haifai kuwahukumu wazee kabla ya kuwasikiliza. Mwenye kuitetea desturi aweza kusema kuwa mhunzi hakuchukiwa; alitengwa tu, kama vile vitu vyenye nguvu vitengwavyo. Aweza kusema kuwa mkuki humwaga damu, na aliyeufua ana sehemu katika damu hiyo hata asipokuwako vitani. Aweza kusema pia kuwa kutengwa huko kuliwapa wahunzi faida: ufundi haukutoka katika ukoo, siri ya matiko ilipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na hapana mtu aliyewashindania kazi. Hoja hizo si upuuzi. Lakini hoja ya damu humwelemea mwenye mkuki kuliko mfua mkuki, kwa sababu mmoja alitengeneza chuma na mwingine alichagua mahali pa kukichomeka. Ikiwa damu hunajisi, haiwezekani imnajisi aliye mbali nayo ikamwacha aliyeimwaga akila sifa. Na hoja ya faida husahau kumwuliza mwenye kufaidiwa. Mtu aliyefungiwa ndani ya ufundi wake, hata ufundi huo ukimlisha, hakuuchagua kama msafiri achaguavyo kisu.

Hoja yenye nguvu zaidi ni kwamba dharau hiyo haimo katika chuma. Ingalikuwamo, ingalionekana kila mahali penye nyundo na moto. Katika Rwanda ya kale nyundo ya chuma ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme, na kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofukuliwa mwaka 1969, nyundo za chuma zilionekana kichwani pake. Katika Buhaya, magharibi ya ziwa Viktoria, watu waliyeyusha chuma miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, na kazi hiyo iliambatana na habari za wafalme. Kazi ni ileile, jasho ni lilelile, masizi ni yaleyale. Huku mwenye nyundo ni mfalme, na kule mwenye nyundo hapewi mke. Tofauti haikutoka katika tanuru. Ilitoka katika midomo ya watu, na jambo lililotoka katika midomo ya watu laweza kurudishwa na midomo ya watu.

Kitabu cha kwanza cha Samweli kinasimulia habari za taifa lililokosa wahunzi. Waisraeli walilazimika kuteremka kwa Wafilisti, maadui zao, ili kunoa majembe na mashoka yao, na siku ya vita hapakuonekana upanga wala mkuki mkononi mwa watu isipokuwa kwa Sauli na mwanawe Yonathani. Maana ya habari hiyo yapita vita. Watu wasiomheshimu mhunzi wao wenyewe huishi kama watu wasio na mhunzi: chuma wanacho, lakini mwenye kukijua amesimama nje ya ua wao.

Msomi wa leo aweza kudhani kuwa amekwisha kuokoka na tatizo hili. Hahitaji kwenda kwa mhunzi wa Gidang'odiga. Aweza kununua kisu cha kiwanda, kwa mfano vile visu vyepesi vinavyotoka Mora, mji wa Uswidi uliosifika kwa ufundi huo tangu zamani, navyo ni visu vyema. Lakini kiwanda hakikuondoa mkono wa mtu. Kimeusogeza mbali tu. Nako yuko mtu aliyesimamia joto la tanuru, na mwingine aliyekagua bapa mwisho wa siku akiwa amechoka. Mnunuzi hampaki mafuta mkononi wala hamwepuki njiani, kwa sababu hajui kuwa yuko. Dharau ya mchungaji ilikuwa na uso wa kutazama. Usahaulifu wa mnunuzi wa leo hauna uso. Ni vigumu kusema ni upi mzito zaidi kati ya kumkataa mtu unayemjua na kutokumbuka kabisa kuwa yuko mtu.

Yafaa pia kumwuliza msafiri wajibu wake, maana mhunzi hawezi kufanya kazi yote. Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, ulionekana mwili wa mtu aliyekufa miaka zaidi ya 5,000 iliyopita. Alikuwa na shoka la shaba, na alikuwa na kisu kidogo cha jiwe gumu chenye mpini wa mti, kimo katika ala iliyosokotwa. Alikuwa pia na chombo kidogo cha kurudishia makali ya mawe yake. Hakuwa na panga; alikuwa na kisu chepesi kisichokunjwa, ala ya kukilinda, na njia ya kukinoa, na hivyo ndivyo mtu mwenye akili anavyochagua hata leo. Aliyefua au kuchonga kisu ametimiza nusu ya uaminifu wake. Nusu ya pili ni ya mwenye kisu, ambaye hukifuta, hukikausha, hukipaka mafuta, hukinoa kabla hakijawa butu, wala hakitumii kung'olea mawe. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, lakini ukali hauhifadhiki kwa majivuno.

Na kisu kina mpaka wake. Mtu yule wa Alps alikufa kwa mshale, na kisu chake anacho. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji vya kando yake, na watu zaidi ya 80 walifariki. Siku ile hapakuwa na chombo cha kiunoni ambacho kingalimwokoa mtu. Waliookolewa waliokolewa kwa mikono ya watu wengine, majirani na askari waliofukua tope, wala hapakuwa na aliyekumbukwa kuuliza kwanza mkono ule ulikuwa wa ukoo gani. Katika shida ya namna hiyo mtu huupokea mkono ulivyo. Swali ni kwa nini ahitaji maporomoko ya mlima ili ajifunze kuupokea.

Basi mtu anayejiandaa kuondoka Jorodom na achague kisu kifupi, chepesi, cha chuma kimoja, ambacho msuka wake umefika mwisho wa mpini, na ambacho aweza kukinoa mwenyewe. Akikipata kwa mhunzi, na aketi karibu na fuawe, aulize matiko yalivyotiwa, ajue jina la aliyeyatia, na alipe bei ambayo yeye mwenyewe angaliitaka kwa jasho lake. Akipewa chakula pale, na ale. Akikipata dukani, na akumbuke kuwa kuna jina asilolijua. Kisha apande mlima. Huko juu, baridi itakapomshika na kamba iliyolowa maji itakapokataa kufunguka, atakitoa kisu alani na kukikandamiza kwa nguvu zake zote. Na kisu kikikata bila ya kuteleza wala kuvunjika, na ajue kwamba saa ile ameshikana mkono na mtu.